Dimensheni Zaidi ya Tatu: Namba Zinapofika Pasipofikiwa na Macho

Katika mazungumzo ya siku hizi, na hasa katika video zinazosambazwa mitandaoni, neno dimensheni hutumika kana kwamba linataja mahali. Utasikia kwamba majini wanaishi katika dimensheni nyingine, kwamba roho ya aliyelala husafiri hadi dimensheni ya tano, au kwamba wanasayansi wamegundua mlango wa kuingilia huko nao wanauficha. Imani juu ya viumbe visivyoonekana ina vitabu vyake na wanazuoni wake, wala haihitaji kuazima istilahi za hisabati ili isimame. Hisabati nayo ina haki ya kusikilizwa kwa maneno yake yenyewe, na kwa maneno hayo dimensheni si mahali wala si ulimwengu wa pili uliojificha nyuma ya huu. Dimensheni ni hesabu: ni idadi ya namba zinazotosha kutaja jambo kikamilifu, ilimradi hakuna hata moja kati ya namba hizo inayoweza kupatikana kutokana na zile nyingine.

Maana hiyo inaonekana kavu, na huenda ikamvunja moyo aliyetarajia milango ya siri. Mimi naamini kwamba maajabu ya dimensheni za juu yanaanza pale tu tunapoishika maana hiyo kwa uaminifu na kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu inatufikisha kwenye mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyabuni kwa njozi.

Tuanze na yaliyo karibu. Gari lililoko kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro linatajwa kwa namba moja tu, yaani kilomita zilizopita tangu barabara ilipoanzia. Kwa hiyo barabara, hata ikipinda namna gani, ina dimensheni moja. Chombo kilichoko baharini kati ya Unguja na Pemba kinahitaji namba mbili, latitudo na longitudo. Kilele cha Uhuru kwenye Mlima Kilimanjaro kinahitaji tatu: takriban nyuzi 3 na dakika 4 kusini mwa ikweta, nyuzi 37 na dakika 21 mashariki, na mwinuko wa mita 5,895. Watu wawili wanaotaka kukutana kileleni hapo hawana budi kukubaliana pia juu ya saa, na hiyo ni namba ya nne. Mtaalamu wa hali ya hewa akiongeza joto, unyevu, kanieneo ya hewa, kasi ya upepo na mwelekeo wake, amekwisha kufika namba tisa, na hakuna anayemshangaa. Hata simu ya mkononi hufanya kazi katika dimensheni nne bila mwenyewe kujua: inapotafuta mahali ilipo hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, kwa kuwa saa iliyo ndani yake si sahihi vya kutosha, na hivyo inalazimika kutafuta majibu manne kwa mpigo mmoja, matatu ya mahali na moja la wakati.

Ugumu huja pale tunapotaka kuchora. Tazama kona ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Mistari mitatu inatoka hapo, na kila mmoja unafanya pembe mraba na miwili iliyobaki. Jaribu kuongeza fimbo ya nne inayofanya pembe mraba na mistari yote mitatu kwa pamoja: hutapata pa kuielekeza. Kwa karne nyingi wanahisabati wenyewe walisimama hapo. Omar Khayyam wa Nishapur, aliyeishi katika karne ya 11 na ya 12, aliandika juu ya aljebra na kueleza kwamba namba ikizidishwa kwa yenyewe mara mbili inaweza kuonyeshwa kwa mraba, na mara tatu kwa mchemraba, lakini mtu anayezungumzia zao la mara nne katika upimaji wa maumbo anasema kwa majazi tu, kwa kuwa kitu cha namna hiyo hakipo katika vitu vinavyopimika. Mwingereza John Wallis alirudia pingamizi hilo mwaka 1685 kwa lugha kali zaidi, akiliita umbo la dimensheni nne kuwa dubwana linalokwenda kinyume cha maumbile.

Pingamizi hilo halikuwa la kijinga, na halikushindwa kwa mtu kujitokeza akaionyesha fimbo ya nne. Lilizungukwa. Tangu mwaka 1637, René Descartes alipochapisha kitabu chake cha jiometri, ilikuwa imeanza kufahamika kwamba nukta inaweza kushughulikiwa kama orodha ya namba. Katika karatasi orodha hiyo ina namba mbili, na umbali wa nukta kutoka mwanzo hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras: kila namba izidishwe kwa yenyewe, majibu yajumlishwe, kisha itafutwe kipeuo cha pili. Katika chumba orodha ina namba tatu, na kanuni ni ileile. Orodha ikiwa na namba nne, kanuni hailalamiki. Umbali unapatikana, pembe zinapatikana, na mistari minne inayofanya pembe mraba kila mmoja na mwenzake inaandikwa kwa mstari mmoja wa wino. Katika muongo wa 1840 watu kadhaa waliifikia fikra hii karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa njia yake: Arthur Cayley huko Uingereza mwaka 1843, Hermann Grassmann, mwalimu wa shule huko Stettin, mwaka 1844, na Ludwig Schläfli huko Bern katika miaka iliyofuata. Tarehe 10 Juni 1854 Bernhard Riemann alitoa mhadhara huko Göttingen, mwanahisabati mashuhuri Gauss, aliyekuwa mzee, akiwa miongoni mwa wasikilizaji, akaonyesha jinsi ya kupima umbo lenye dimensheni kwa idadi yoyote, hata kama limejikunja. Miaka 60 baadaye hisabati hiyo ndiyo Einstein aliyoihitaji kueleza uvutano.

Tujenge umbo moja kwa mikono yetu, yaani kwa hesabu. Nukta ikisukumwa sentimita moja inaacha nyuma yake kipande cha mstari chenye ncha 2. Kipande hicho kikisukumwa kwa pembe mraba, kinafagia mraba wenye kona 4 na kingo 4. Mraba ukisukumwa kuelekea upande wa tatu, unafagia mchemraba wenye kona 8, kingo 12 na nyuso 6. Kila tunaposukuma, kona huongezeka maradufu, kwa kuwa kuna za mwanzo wa safari na za mwisho wake. Kingo nazo huongezeka maradufu, kisha zinajumlishwa kingo mpya ambazo kila kona imeziacha njiani. Ndiyo maana mchemraba una kingo 4 za chini, 4 za juu na 4 za wima. Sasa tuusukume mchemraba mzima kuelekea upande wa nne. Macho hayauoni upande huo, ila hesabu inakwenda bila kusita. Kona zinakuwa 16. Kingo zinakuwa 12 na 12, pamoja na 8 zilizoachwa na kona, jumla 32. Nyuso za mraba zinakuwa 6 na 6, pamoja na 12 zilizofagiwa na kingo, jumla 24. Michemraba inayolifunga umbo hilo inakuwa ule wa mwanzo na ule wa mwisho, pamoja na 6 iliyofagiwa na nyuso, jumla 8.

Umbo hilo huitwa teserakti. Hakuna aliyewahi kulishika, lakini idadi ya kingo zake ni ya uhakika uleule wa idadi ya kingo za sanduku. Tena liko nadhifu kuliko mchemraba katika jambo moja linalonifurahisha kila ninapolikumbuka: mchemraba wenye ukingo wa sentimita 1 una ulalo wa sentimita 1.732 na tarakimu zisizokwisha, ilhali ulalo wa teserakti ya kipimo hicho ni sentimita 2 kamili, kwa kuwa kipeuo cha pili cha moja, na moja, na moja, na moja ni mbili.

Schläfli alikwenda mbali zaidi. Wagiriki wa kale walijua kwamba maumbo mango yaliyo sawa kabisa pande zote, kama vile mchemraba na piramidi ya nyuso nne za pembetatu, ni matano tu. Yeye aliuliza swali hilohilo kwa dimensheni nne, akakuta maumbo sita. Kisha akauliza kwa dimensheni tano, akakuta matatu. Kwa sita ni matatu. Kwa mia moja ni matatu, na hivyo ndivyo ilivyo hata ukiendelea bila kikomo. Kwa nini utajiri uishie kwenye nne? Uthibitisho upo na unafuatika, lakini hata aliyeusoma anabaki na hisia kwamba dimensheni ya nne imependelewa. Mojawapo ya maumbo hayo sita limefungwa kwa piramidi 600 za nyuso nne, na jingine kwa maumbo 120 ambayo kila moja lina nyuso 12 za pembetano. Kazi ya Schläfli haikuchapishwa yote akiwa hai. Alifariki mwaka 1895, nayo ikatoka kamili mwaka 1901.

Wakati huohuo maumbo hayo sita yalikuwa yamegunduliwa upya na mtu ambaye hakuwa amesikia habari za Schläfli. Alicia Boole Stott alizaliwa Ireland mwaka 1860. Baba yake, George Boole, ndiye aliyeweka msingi wa aljebra ya mantiki ambayo kompyuta za leo zinaitegemea, lakini alifariki binti huyo akiwa na umri wa miaka minne, na Alicia hakupata kusoma chuo kikuu. Alichopata ni vipande vya mbao vya umbo la mchemraba, vilivyoletwa nyumbani kwao na Charles Howard Hinton, ambaye alimwoa dada yake na aliyekuwa na shauku kubwa ya kuwafundisha watu kuijenga teserakti kichwani. Kwa Alicia mafunzo hayo yalishika kuliko kwa mwalimu mwenyewe.

Njia yake ilikuwa ya kukata vipande, nayo inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu msomaji yeyote anaweza kuifuata. Fikiria mchemraba unaozamishwa majini kona ikitangulia, ukisimama wima juu ya kona hiyo, na utazame alama unayoiacha kwenye uso wa maji. Kwanza ni nukta. Kisha ni pembetatu inayokua. Baadaye ncha za pembetatu zinakatika, na mchemraba unapofika nusu alama inakuwa pembesita iliyo sawa pande zote. Kuanzia hapo mambo yanarudi nyuma: pembetatu iliyogeuka, inayopungua, kisha nukta, kisha hakuna kitu. Kiumbe anayejua uso wa maji tu, asiyejua juu wala chini, angeweza kukusanya alama hizo zote na kuuelewa mchemraba bila kuuona hata mara moja. Sisi tuko katika hali hiyo mbele ya teserakti. Ikipita katika nafasi yetu kona ikitangulia, ingetokea kwanza nukta, kisha piramidi ya nyuso nne inayokua, kisha ncha za piramidi hiyo zingekatika, na katikati ya safari lingetokea umbo lenye nyuso 8 za pembetatu. Baada ya hapo ingekuja piramidi iliyogeuka, ikipungua hadi nukta. Alicia alifanya hivyo kwa maumbo yaliyo magumu mara nyingi kuliko teserakti, akavitengeneza vipande vyake kwa kadibodi, kimoja baada ya kingine, huku akiwa mama wa nyumbani mwenye watoto wawili.

Pieter Schoute, profesa wa Chuo Kikuu cha Groningen huko Uholanzi, alikuwa amechapisha michoro ya baadhi ya vipande hivyo, ambayo aliipata kwa njia ya mahesabu. Alicia alimtumia picha za kazi yake ya kadibodi, nazo zikalingana na michoro. Walifanya kazi pamoja kwa karibu miaka 20, na mwaka 1914, baada ya Schoute kufariki, chuo hicho kilimtunuku Alicia shahada ya heshima ya udaktari. Ninapotaka kumweleza mtu kwa nini wanahisabati wanaona dimensheni ya nne kuwa jambo la uhakika, humtajia kisa hiki. Watu wawili waliotengana kwa bahari, mmoja akitumia kalamu na mwingine mkasi, walifika kwenye maumbo yaleyale hadi kwenye kona za mwisho. Njozi za watu wawili hazilingani hivyo.

Hadi hapo mlinganisho na dimensheni za chini umetusaidia sana, na ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu huanza kudhani kwamba dimensheni za juu ni mwendelezo mtulivu wa hizi tulizozizoea. Kuna mfano mmoja mfupi unaovunja dhana hiyo. Chora mraba wenye ubavu wa sentimita 4, na ndani yake uweke duara nne zenye nusu kipenyo cha sentimita 1, moja katika kila kona, zikigusana. Katikati yao patabaki nafasi ndogo. Chora hapo duara la tano linalozigusa zote nne. Kutoka kitovu cha mraba hadi kitovu cha kila duara la konani ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, ukitoa 1 ya duara lenyewe, duara la katikati linabaki na nusu kipenyo cha 0.414. Rudia kwa sanduku na matufe 8: umbali unakuwa kipeuo cha pili cha 3, na tufe la katikati linapata 0.732. Limekua kidogo. Katika dimensheni nne umbali ni 2 kamili, kwa hiyo tufe la katikati lina nusu kipenyo cha 1 na linalingana na matufe 16 yanayolizunguka. Katika dimensheni tisa kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na tufe la katikati lina nusu kipenyo cha 2. Hapo inafaa kusimama na kusoma tena, maana sanduku lina ubavu wa 4: tufe lililobanwa katikati ya matufe 512 limezifikia kuta zote. Katika dimensheni kumi nusu kipenyo chake ni 2.162, na tufe linatokeza nje ya sanduku, ilhali matufe 1,024 yanayolizuia yamo ndani yote.

Hakuna hila katika hesabu hiyo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikagua. Kilichotokea ni kwamba kuta za sanduku zimebaki palepale, umbali wa 2 kutoka katikati, huku kona zikizidi kukimbia: katika dimensheni kumi kila kona iko umbali wa 6.32. Sanduku la dimensheni nyingi ni kona karibu tupu. Duara lililochorwa ndani ya mraba kwa kuzigusa kingo zake hujaza asilimia 78.5 ya mraba huo, na tufe hujaza asilimia 52.4 ya mchemraba wake, lakini katika dimensheni kumi tufe hujaza takriban robo ya asilimia moja tu. Mtu angeweza kutafakari maisha yake yote bila kubuni jambo kama hilo. Limekuja lenyewe, kwa kujumlisha na kutafuta kipeuo.

Sasa swali la fizikia, ambalo ni swali jingine kabisa na halipaswi kuchanganywa na lile la hisabati: je, ulimwengu huu tunaoishi una dimensheni ngapi? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba ya nne ni wakati. Hilo ni kweli kwa kiasi, na linatokana na Hermann Minkowski, ambaye mwaka 1908, akihutubia huko Cologne, alionyesha kwamba nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1905 inaeleweka vizuri zaidi iwapo mahali na wakati vitahesabiwa kuwa kitu kimoja chenye dimensheni nne. Ila katika kanuni ya umbali ya Minkowski, wakati haujumlishwi na zile tatu nyingine, unatolewa. Alama hiyo ya kutoa ndiyo inayotenganisha jana na kesho, na ndiyo inayozuia chochote kuupita mwendo wa mwanga. Kwa hiyo teserakti haina uhusiano wowote na wakati: dimensheni yake ya nne ni ya mahali, sawa na urefu na upana. Watu wengi hupotea kwa sababu ya kuchanganya mambo haya mawili, na lawama zaidi ziko kwa sisi waandishi tunaoyasimulia kwa pupa.

Kuhusu dimensheni za mahali, maumbile yanatoa ushahidi ambao unaweza kusomwa angani. Uvutano wa Jua husambaa kila upande, na kadiri unavyokwenda mbali unagawanywa juu ya uso wa tufe linalozidi kukua. Katika nafasi ya dimensheni tatu uso huo hukua mara nne umbali unapoongezeka maradufu, na kwa hiyo uvutano hupungua hadi robo, kama Newton alivyoeleza mwaka 1687. Nafasi ingekuwa na dimensheni nne, uvutano ungepungua hadi sehemu moja ya nane. Mwaka 1917 mwanafizikia Paul Ehrenfest alionyesha matokeo yake: sayari isingeweza kudumu kwenye njia yake, bali msukosuko mdogo tu ungeitumbukiza kwenye Jua au kuitupa mbali moja kwa moja. Kwamba Dunia imezunguka Jua kwa mabilioni ya miaka ni ushahidi kuwa nafasi inayotuzunguka ni ya dimensheni tatu.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi. Mwaka 1919 Theodor Kaluza, mhadhiri wa Königsberg, alimwandikia Einstein akimweleza kwamba iwapo milinganyo ya uvutano itaandikwa kwa dimensheni tano badala ya nne, milinganyo ya umeme na sumaku inajitokeza yenyewe ndani yake, bila kuongezwa. Makala yake ilichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1926 Oskar Klein akaeleza kwa nini dimensheni hiyo haionekani: huenda imejikunja kuwa duara dogo mno, dogo kuliko chembe yoyote tunayoweza kuipima. Nadharia za nyuzi zilizokuja baadaye, zinazochukulia chembe za maada kuwa nyuzi ndogo mno zinazotetema, zinahitaji dimensheni 10 au 11. Ni lazima isemwe wazi kwamba hadi sasa hakuna jaribio lililopata hata moja ya dimensheni hizo za ziada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle wamepima uvutano kati ya vitu vilivyotenganishwa kwa nafasi iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kanuni ya Newton imesimama. Tarehe 17 Agosti 2017 LIGO na Virgo, mitambo ya kunasa mawimbi ya uvutano, ilipokea mawimbi kutoka nyota mbili za nyutroni, yaani masalia mazito mno ya nyota zilizokufa, zilizogongana umbali wa takriban miaka-nuru milioni 130. Nguvu ya mawimbi hayo ililingana na umbali uliopimwa kwa mwanga, jambo lisilotarajiwa kama sehemu ya uvutano ingekuwa inavujia katika dimensheni nyingine kubwa. Wazo la Kaluza ni zuri ajabu, na uzuri wake bado haujathibitishwa kuwa ukweli.

Lakini dimensheni za juu hazikungoja fizikia ili zipate kazi. Ujumbe wenye alama 24, kila alama ikiwa sifuri au moja, ni nukta katika nafasi ya dimensheni 24. Mwaka 1949 Marcel Golay alionyesha jinsi ya kuchagua nukta 4,096 katika nafasi hiyo kiasi kwamba kila moja inatofautiana na nyingine zote katika alama zisizopungua 8. Alama 3 zikiharibika njiani, mpokeaji bado anajua ujumbe uliokusudiwa, kwa kuwa nukta iliyo karibu ni moja tu. Picha za rangi za Mshtarii na Zohali ambazo vyombo vya Voyager vilituma kati ya mwaka 1979 na 1981 zilivuka anga zikilindwa na mpango huo. Kompyuta zinazoshughulika na lugha nazo huliandika kila neno kama orodha ndefu ya namba. Mfumo uliotolewa na watafiti wa Google mwaka 2013 ulitumia mara nyingi namba 300 kwa neno moja, zikipangwa ili maneno yanayotumika katika mazingira yanayofanana yawe nukta zilizo karibu. Akili unde ya leo inafaidika na jambo lisilowezekana katika chumba chetu: katika dimensheni nyingi, mielekeo miwili iliyochaguliwa bila mpango karibu kila mara inafanya pembe iliyo jirani sana na pembe mraba, na hivyo pana nafasi ya mambo mengi mno kukaa bila kuingiliana.

Dimensheni 24 za Golay zinatuleta kwenye swali ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote niliyoyataja. Muuza machungwa sokoni huyapanga kwa tabaka, kila chungwa likikaa katika shimo lililoachwa na yaliyo chini yake. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mpangilio wa matufe unaoweza kubana zaidi ya huo, ambao hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi, na uthibitisho ulipatikana mwaka 1998 kwa kazi ya Thomas Hales iliyotegemea kompyuta. Matufe yanapangwaje katika dimensheni za juu? Katika nyingi hakuna ajuaye. Lakini katika dimensheni 8 na 24 hutokea miujiza ya mpangilio, ambapo mapengo yanakuwa makubwa kiasi cha kupokea tufe jingine zima na kila kitu kinajifunga barabara. Mwaka 2016 Maryna Viazovska, mzaliwa wa Kyiv, alithibitisha kwamba mpangilio wa dimensheni 8 haupitiki, kwa hoja fupi isiyohitaji kompyuta ya Hales, na muda mfupi baadaye, yeye na wenzake wanne wakathibitisha ule wa dimensheni 24, ambao umejengwa juu ya mpango wa Golay. Alipewa nishani ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati, mwaka 2022.

Katika mipangilio hiyo mtu anaweza kuuliza tufe moja linagusana na majirani wangapi wa ukubwa wake kwa wakati mmoja. Katika karatasi, duara moja linaguswa na 6. Katika nafasi yetu ni 12. Newton na David Gregory walibishana juu ya hilo mwaka 1694, Gregory akidhani huenda wa 13 akaingia, na Newton akathibitishwa kuwa sahihi mwaka 1953. Katika dimensheni nne ni 24, na hilo lilithibitishwa mwaka 2003. Katika dimensheni nane ni 240, na katika 24 ni 196,560, na namba zote mbili zina uthibitisho kamili. Katika dimensheni tano, hatua moja tu baada ya teserakti, mpangilio bora unaojulikana una majirani 40, na imethibitishwa kwamba hawawezi kuzidi 44. Jibu ni mojawapo ya namba hizo tano, nalo linasubiri mtu wa kulipata.